Nusu ukurasa kwa siku: namna ya kuhifadhi Qur'ani isikuponyoke

Anayeanza kuhifadhi huuliza ashike kurasa ngapi kwa siku. Afadhali aulize baada ya mwezi atakuwa amebakiwa na ngapi. Mtume (s.a.w.) alihimiza Qur'ani iangaliwe mara kwa mara, kwa kuwa huponyoka upesi kuliko ngamia kwenye kamba zao, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba kilichojifunzwa hupotea kwa wingi katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Hadithi haimngoji Ebbinghaus aithibitishe. Ila mhifadhi anapata kazi ileile kutoka pande zote mbili: kuirudia aya kabla haijatoka.

Chukua msahafu mmoja na usiubadilishe mpaka umalize. Ulioenea ni ule wa Madina: kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa humalizika na aya. Ubongo hushika maneno pamoja na mahali yalipo, ndiyo maana mhifadhi hukumbuka kwamba aya fulani iko kushoto juu. Ukihama msahafu, alama hiyo inakufa. Simu inayosogeza maandishi juu na chini haikupi mahali pa kushika. Itumie kusikiliza tu.

Kabla ya kuhifadhi chochote, msomee ustadhi ukiwa unatazama. Usiruke hatua hii hata kama unasoma vizuri. Kosa likirudiwa mara ishirini linakuwa hifdhi kamili, na kulifuta ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya. Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili mtego mkubwa ni herufi qaaf na kaaf: qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Angalia pia haa nzito na nyepesi, swaad na siin, na ain inayogeuzwa kuwa "a" ya kawaida.

Sasa kazi yenyewe, baada ya swala ya alfajiri, dakika 40 hadi 60. Nusu ukurasa ni mistari saba au minane. Isome yote mara tano ukitazama, na tafsiri yake mara moja, ujue nani anasema na anamwambia nani. Kisha ukate mstari kwenye vipande vya maneno matatu hadi matano, kwa kuwa akili hushika vitu vichache tu kwa mpigo, vinne hivi. Soma kipande mara tatu, funga msahafu, kitoe kwa ghibu mara tatu. Mstari ukikamilika, uunganishe na uliotangulia. Viungo ndivyo hukatika: mtu anajua aya ya 5 na ya 6 lakini hajui ya 6 inaanzaje. Kwa hiyo soma maneno ya mwisho ya aya pamoja na ya mwanzo ya inayofuata, mara kumi, kama kipande kinachojitegemea.

Usikimbie. Sura Al-Qiyama, aya ya 16, inamwambia Mtume asiutikise ulimi kwa kuiharakia Qur'ani.

Ukimaliza, ondoka. Pika chai, fagia, kaa nusu saa. Rudi uisome yote bila kutazama. Hapa ndipo wengi hushtuka, na mshtuko huo ni dawa: kuivuta aya kutoka kichwani huikaza kuliko kuisoma tena mara kumi. Kusoma ukitazama kunadanganya, ulimi unateleza nawe unadhani umehifadhi. Ukikwama, hesabu sekunde kumi kabla ya kufungua msahafu.

Usiku, kabla ya kulala, isome mara moja kwa ghibu. Unapolala, hipokampasi, sehemu ndogo iliyopinda ndani ya ubongo kwenye usawa wa masikio, huyapitia tena ya mchana na kusaidia kuyakita. Anayekesha ili amalize ukurasa anaikata kazi hiyo katikati. Asubuhi yake isome katika sunna ya alfajiri, ukiwa umesimama bila msahafu.

Kudurusu sasa. Kila nusu ukurasa mpya urudiwe siku ya 1, 2, 4, 7, 14 na 30. Kisha uingie kwenye mzunguko wa zamani: mwenye juzuu tano ana kurasa 100 hivi, akidurusu kurasa 10 kwa siku anamaliza kwa siku kumi. Muda ukikubana, punguza somo jipya, usiguse muraja'a, yaani kudurusu. Jibril alikuwa akimdurusisha Mtume kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho mara mbili. Sijui sisi tunapata wapi ujasiri wa kuacha kudurusu mwaka mzima.

Usianze daima mwanzo wa sura. Mwanzo unakuwa imara kama mwamba na katikati panabomoka. Mwombe mwenzako akufungulie aya popote, nawe uendelee.

Tatizo gumu kuliko yote ni aya zinazofanana, kwa sababu kumbukumbu mbili zenye umbo moja huporana nafasi. Tazama Al-An'am 151: wala taqtuluu awlaadakum min imlaaq, nahnu narzuqukum wa iyyaahum. Na Al-Israa 31: wala taqtuluu awlaadakum khashyata imlaaq, nahnu narzuquhum wa iyyaakum. Zote mbili zinakataza kuwaua watoto kwa ajili ya umasikini (imlaaq). Kuzirudia tu hakusaidii. Weka tofauti mkononi. Katika ya kwanza umasikini umeshaingia nyumbani, hivyo mzazi anatajwa kwanza: tunakuruzukuni ninyi, na wao. Katika ya pili umasikini unahofiwa tu, na mtoto anatangulia: tunawaruzuku wao, na ninyi. Neno khashyata, yaani hofu, ndilo linalokuelekeza. Fanya hivyo hivyo kwa Al-Baqara 48 na 123, ambako maombezi na fidia hubadilishana nafasi. Jozi hizi ziandike kwenye daftari moja, na usihifadhi mbili zinazofanana wiki moja.

Kwa mwendo huu, siku tano kwa wiki, nusu ukurasa kila siku, kurasa 604 huchukua miaka minne na miezi saba hivi. Siku mbili zilizobaki ni za kudurusu tu, na jioni ya mojawapo kaa na ustadhi akusikilize ya wiki nzima.