Kugeuza projekti ya mwaka wa mwisho kuwa utafiti: mfano wa shamba la zabibu Dodoma

Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta na uhandisi wa kompyuta wakifika mwaka wa mwisho, mada huwa zile zile: mfumo wa kusajili wagonjwa, mfumo wa kutafuta vyumba vya kupanga, umwagiliaji unaojiendesha wenyewe. Mfumo ukiwaka siku ya kutetea, alama zinapatikana na maisha yanaendelea. Lakini mfumo peke yake si utafiti. Utafiti unahitaji jambo ambalo hulijui bado, na namna ya kulipima ambayo inaweza kukuumbua.

Nasimamia projekti za aina hii, na hapa nitafuata mfano mmoja, umwagiliaji wa zabibu, kwa sababu mashamba yako jirani: Hombolo, Makutupora, Mpunguzi. Ukiwa Chuo Kikuu cha Dodoma unaenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Chimba mpaka upate swali

Chukua mada yako, "mfumo wa kisasa wa umwagiliaji kwa wakulima wa zabibu", kisha jiulize ni kipi humo ambacho hakijulikani. Kuwasha pampu kwa relei (swichi inayoendeshwa na umeme) kunajulikana. Kutuma namba kwenye simu ya mkulima kunajulikana pia. Kisichojulikana ni kama kile kihisi (sensa) cha unyevu cha bei nafuu unachotaka kununua kinasema kweli kwenye udongo wa shamba hilo.

Sasa una swali: *Je, kihisi cha bei nafuu kilichorekebishwa kwa udongo wa shamba husika kinakaribia kipimo cha maabara kuliko kihisi hicho hicho kikitumia mlinganyo wa jumla (fomula isiyotengenezwa kwa udongo huo), na kwa kiasi gani?*

Swali hili linaweza kujibiwa "hapana", na hapana hiyo bado ni matokeo ya kuandikwa. Mada ya mwanzo haikuwa na nafasi hiyo. Wapo watakaokuambia swali ni dogo mno. Waache. "Kuinua kilimo Tanzania" hakupimiki kwa mihula miwili na fedha za mfukoni.

Hatua ya 2: Soma kidogo, kwa kusudi

Google Scholar ni bure, na maktaba ya chuo itakuelekeza kwenye majarida yanayolipiwa. Katika kila makala anza na muhtasari, ruka utangulizi, nenda moja kwa moja kwenye mbinu: walipima nini, kwa kifaa gani, wakalinganisha na nini. Makala chache ulizozielewa hivyo zinatosha kuandika pendekezo.

Hatua ya 3: Panga kwa kalenda ya mvua

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mwanafunzi anayeagiza vifaa Machi na kuvifunga Mei atakuta ardhi imekauka, na data yake itakuwa mstari ulionyooka pamoja na mabadiliko machache ya siku za kumwagilia. Ukitaka kuona udongo ukilowa na kukauka, vihisi viwe ardhini kabla ya Januari. Kwa hiyo pendekezo liandikwe mapema, wakati wenzako bado wanabishana kuhusu mada.

Hatua ya 4: Hakikisha kipimo kabla ya kukiamini

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopita mbio.

Tumia bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kusoma vihisi, yenye Wi-Fi) na vihisi vya unyevu vya aina ya kapasita. Vile vyenye vijiti viwili vinavyopitisha umeme kwenye udongo huliwa na kutu haraka, achana navyo. Unganisha kihisi kwenye pini za ADC1, yaani kati ya 32 na 39 (ADC ni sehemu ya bodi inayogeuza volti kuwa namba). Pini za ADC2 hazisomeki sawasawa Wi-Fi ikiwa imewashwa, na watu hupoteza siku nzima wakidhani programu yao ina kasoro.

Bodi itakupa namba kati ya 0 na 4095. Hiyo si asilimia ya unyevu, hata kama video uliyoitazama imeigeuza kuwa asilimia kwa mstari mmoja wa programu. Ili uijue maana yake, fanya hivi:

1. Chota udongo wa shamba lenyewe, kwenye kina kile kile utakachofukia kihisi.
2. Kausha kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, kisha pima uzito.
3. Gawa kwenye vikombe, ongeza maji kwa viwango tofauti, funika vizuri, acha yasambae.
4. Soma kihisi kwenye kila kikombe mara kadhaa, kisha chukua sampuli, ipime, ikaushe tena na uipime upya.

Unyevu kwa uzito ni maji yaliyotoka ukigawa kwa uzito wa udongo mkavu. Sampuli ya gramu 124 ikikauka na kubaki gramu 100, unyevu ni asilimia 24. Chora usomaji wa kihisi dhidi ya unyevu huo, na usishangae mstari ukipinda.

Rudia kwa kila kihisi. Vihisi viwili vya pakiti moja havikubaliani, kwa hiyo andika namba juu ya kila kimoja kwa kalamu isiyofutika. Sehemu ya juu yenye saketi ipakwe rangi ya kucha, ya duka lolote pale Majengo, isije ikaingia maji.

Kuna mambo mawili ya shambani ambayo maabara haiyaoni. La kwanza ni joto: jua la mchana linasogeza usomaji hata kama unyevu haujabadilika, hivyo rekodi joto sambamba. La pili ni saa. ESP32 ikizimika inasahau wakati, na data isiyo na wakati sahihi haina kazi. Ongeza moduli ya saa ya DS3231 na kadi ya kumbukumbu, ili mtandao ukikatika usomaji ubaki hapo hapo shambani.

Hatua ya 5: Ruhusa

Pata barua ya chuo, pita ofisi ya kijiji au mtaa, ndipo uende kwa mkulima. Mweleze mzee wa shamba unapima nini na lini utang'oa vifaa. Wengine wataongea kwa raha zaidi kwa Kigogo, kwa hiyo nenda na mwenzako anayekijua. Ukichukua majina, namba za simu au picha za watu, umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Njia rahisi ni kutochukua usichokihitaji: kwa swali letu, "shamba A" na "shamba B" zinatosha.

Kama huna fedha za vifaa

Wapo watakaochagua kutambua magonjwa ya majani kwa picha za simu. Sawa, lakini jihadhari na data ya kupakua. Mkusanyo maarufu wa PlantVillage una picha za majani ya mimea zaidi ya 54,000, nyingi zikiwa jani moja juu ya meza. Utafiti wa mwaka 2016 ulifundisha modeli (programu inayojifunza kutoka kwenye picha) na ulipata usahihi wa asilimia 99.35 kwenye picha za mkusanyo huo huo, kisha ukashuka hadi kama asilimia 31 kwenye picha zilizotoka kwingine. Tena, makundi yake ya zabibu hayana ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga) kabisa. Ukimletea mkulima wa Hombolo modeli hiyo, itampa jina la ugonjwa mwingine bila kusita.

Piga picha zako mwenyewe, na ukizigawa za kufundishia na za kujaribia, gawa kwa shamba au kwa mzabibu, usigawe kwa picha. Picha kumi za mzabibu mmoja zikitawanyika pande zote mbili, modeli inakariri ukuta wa nyuma na wewe unashangilia. Kisha linganisha na mbinu ya kijinga kabisa: kama majani 80 kati ya 100 ni mazima, programu inayojibu "zima" kila mara tayari ina asilimia 80.

Hatua ya 6: Andika, kisha tetea

Anza kuandika sura ya mbinu siku unapofunga vifaa, ungali unakumbuka. Matokeo yaonyeshe kosa la wastani kwa kila kihisi, kabla na baada ya urekebishaji, likiwa na kipimo chake. Usifiche kihisi kilichoharibika. Sema ni namba ngapi na kilikufa lini. Data na programu viweke Zenodo, ghala la mtandaoni la kazi za utafiti. Ni bure, na utapata kitambulisho cha kudumu ambacho mwanafunzi wa mwaka unaofuata anaweza kukinukuu.

Siku ya kutetea nenda na kihisi kimoja, kikombe cha udongo mkavu na chupa ya maji. Grafu ziwe ndani ya kompyuta yako, usitegemee intaneti ya ukumbini. Swali la kwanza karibu kila mara ni "umejuaje kwamba kifaa chako kinasema kweli?", kwa hiyo slaidi ya tanuri iwe ya pili, mara tu baada ya swali la utafiti.