Chuo Kikuu au Chuo cha Jamii: Namna ya Kuamua Pa Kuanzia Unapokusudia Kuhama Chuo Nchini Marekani

Mwanafunzi anayeingia katika elimu ya juu ya Marekani huku akijua kwamba hatamalizia pale alipoanzia ana swali tofauti na la wenzake. Wenzake huuliza ni chuo gani kizuri. Yeye inampasa aulize ni chuo gani kitakachomfikisha aendako bila kumpotezea muda wala fedha. Mara nyingi njia huwa mbili: kuanzia katika chuo cha jamii, ambacho hufundisha masomo ya miaka miwili ya kwanza kwa ada ndogo, au kuanzia katika chuo kikuu kingine kilichompa nafasi, kisha kuhama. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba uamuzi huo usifanywe kwa kulinganisha vyuo viwili vya kuanzia. Ufanywe kwa kusoma masharti ya chuo cha kumalizia, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi siku ya kujiandikisha.

Shahada ya kwanza nchini humo kwa kawaida huhitaji krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, 120 za mfumo wa mihula miwili kwa mwaka, na shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii hubeba karibu 60, yaani nusu yake. Mpangilio huo una historia ndefu. Joliet Junior College cha Illinois, ambacho ndicho chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote vinavyoendelea kufundisha, kilianzishwa mwaka 1901 kwa juhudi za J. Stanley Brown, msimamizi wa shule ya sekondari ya Joliet, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, ili vijana wapate masomo ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Kuwaandaa wanafunzi kwa ajili ya chuo kikuu ni kazi ambayo vyuo hivi viliundiwa, na hakuna sababu ya mtu kuona haya kuifuata njia hiyo.

Basi anza kwa kuandika majina ya vyuo vikuu viwili au vitatu ambavyo ungependa kuhitimu, na kando ya kila jina uandike fani unayoitaka. Usiishie kwenye jina la chuo, kwa maana masharti ya kuhamia katika uhandisi hayafanani na ya kuhamia katika historia, hata kama idara hizo mbili zimo ndani ya chuo kimoja. Mwanafunzi ambaye bado hajachagua fani hajakwama. Anachopaswa kufanya ni kuutumia muhula wa kwanza kwa masomo ya jumla yanayokubalika karibu kila mahali, kama uandishi, hisabati ya ngazi ya chuo na sayansi yenye maabara, huku akijiwekea tarehe ya kuamua. Asivuke mwaka wa kwanza bila uamuzi, kwa kuwa kuanzia hapo kila kozi iliyochukuliwa kwa kubahatisha inaweza kugeuka mzigo.

Hatua inayofuata ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kutafuta makubaliano ya maandishi ya uhamisho kati ya chuo unachotaka kuanzia na chuo kikuu unachokusudia. Majimbo hayalingani katika jambo hili. Florida ina mfumo mmoja wa namba za kozi kwa vyuo vyake vya umma, na mwenye shahada ya miaka miwili ya Associate in Arts kutoka chuo cha umma cha jimbo hilo amehakikishiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya jimbo, ambavyo ni 12, ingawa hahakikishiwi chuo mahususi wala programu zenye nafasi chache. Washington ina shahada ya miaka miwili ya makubaliano na vyuo vikuu, yenye krediti 90 za mfumo wa robo mwaka (sawa na 60 za mihula miwili), na Virginia ina mikataba ya udahili wa uhakika baina ya vyuo vyake vya jamii na vyuo vikuu kadhaa. California imekwenda mbali zaidi: shahada maalumu ya uhamisho humpa mhitimu wa chuo cha jamii nafasi katika mfumo wa California State University, hata kama si katika kampasi aliyoitaka, na kampasi sita za University of California, mfumo mwingine wa umma wa jimbo hilo, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa mkataba wa nafasi ya uhakika kwa mwanafunzi aliyetimiza masharti na kuomba mkataba huo mwezi Septemba. Kampasi zake za Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo katika mpango huo.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi makubaliano hayo yanavyosomwa. Katika tovuti rasmi ya ASSIST ya California, mwanafunzi huchagua chuo anachosoma, chuo kikuu anachokitaka na fani yake, kisha hufunguliwa jedwali lenye pande mbili. Upande wa kushoto zimeorodheshwa kozi ambazo chuo kikuu kinazidai, na upande wa kulia zimo kozi za chuo cha jamii zinazolingana nazo. Wakati mwingine kozi moja ya kushoto hulingana na kozi mbili za kulia zinazopaswa kuchukuliwa pamoja, na aliyechukua moja tu huwa hajatimiza chochote. Pengine upande wa kulia huandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana. Maneno hayo machache yana uzito mkubwa: ikiwa kozi tatu au nne za msingi wa fani yako hazifundishwi katika chuo hicho cha jamii, utazichukua baada ya kuhama, na miaka miwili iliyobaki itakuwa mitatu. Hapo tafuta chuo kingine cha jamii kinachozifundisha, au uanze kukifikiria chuo kikuu kwa uzito.

Tofautisha pia mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila mara. Krediti kupokelewa ni jambo moja, na krediti kuhesabiwa katika fani ni jambo jingine. Chuo kikuu kinaweza kupokea krediti zako zote 60, lakini kikaziweka 20 kati ya hizo katika kapu la masomo ya hiari, mahali ambapo hazipunguzi hata kozi moja ya lazima. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, GAO, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya mwaka 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Kwa hiyo unapozungumza na mshauri wa masomo, usimuulize kama kozi fulani inahamishika. Muulize itahesabiwa badala ya kozi ipi katika fani yako, na umwombe akujibu kwa barua pepe. Swali hilo hilo lipeleke kwa idara ya chuo kikuu unachokusudia, si kwa mshauri wa chuo unachosoma pekee, kwa kuwa neno la mwisho ni la wanaokupokea.

Kuanzia katika chuo kikuu kuna mahali pake. Kwanza, vipo vyuo vikuu binafsi mashuhuri ambavyo hupokea wanafunzi wachache sana wanaohama kutoka vyuo vingine. Princeton, kwa mfano, haikupokea wanafunzi wa namna hiyo tangu mwaka 1990 hadi ilipofungua tena mlango huo mwaka 2018. Mwenye shabaha ya namna hiyo pekee hafai kuujenga mpango wake wote juu ya kuhama. Pili, zipo fani ambazo masomo yake hupangwa kwa mfululizo tangu muhula wa kwanza, kama usanifu majengo na muziki, na anayeingia mwaka wa tatu mara nyingi hulazimika kurudi nyuma. Tatu, vyuo vikuu vingi huwawekea wanaoanza mwaka wa kwanza ufadhili mnono ambao mwanafunzi anayehama hawezi kuuomba. Aliyepewa ufadhili wa miaka minne na chuo kikuu anachokiridhia afikiri mara mbili kabla ya kuuacha.

Hata hivyo, kuhama kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine ni kugumu kuliko wengi wanavyodhani. Makubaliano ya maandishi kati ya vyuo vikuu viwili ni adimu, kila kozi huchunguzwa peke yake, na baadhi ya mifumo ya umma humpa kipaumbele anayetoka chuo cha jamii. University of California hufanya hivyo waziwazi kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii vya jimbo lake. Ndiyo maana nashauri bila kusita: usianzie katika chuo kikuu ambacho hungekubali kuhitimu pale endapo ungekosa nafasi ya kuhama. Ukiweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ungebaki na kuridhika, anza hapo. Usipoweza, chuo cha jamii chenye makubaliano ya maandishi ni salama zaidi.

Kuhusu fedha, tofauti ni kubwa. Kwa takwimu za shirika la elimu la College Board za mwaka wa masomo 2024–2025, wastani wa ada ya mwaka katika chuo cha jamii cha umma kwa mkaazi wa wilaya ya chuo ulikuwa dola 4,050, katika chuo kikuu cha umma kwa mkaazi wa jimbo dola 11,610, kwa mtu wa nje ya jimbo dola 30,780, na katika chuo binafsi kisicho cha faida dola 43,350. Raia na wakaazi wa kudumu wenye kipato kidogo wanaweza kupata ruzuku ya masomo ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka huo kilikuwa dola 7,395, kiasi kinachozidi wastani wa ada ya chuo cha jamii. Kumbuka lakini kwamba ruzuku hiyo ina kikomo cha muda unaolingana na miaka sita ya masomo ya kutwa, hivyo krediti zinazopotea huila ruzuku pia. Hesabu na kodi ya nyumba: vyuo vingi vya jamii havina mabweni, na akiba ya ada inaweza kumezwa na pango ikiwa huna pa kukaa.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 ana hesabu yake mwenyewe. Ada zilizotajwa hapo juu kwa wakaazi hazimhusu, ruzuku ya Pell haimhusu, na chuo anachochagua lazima kiwe kimeidhinishwa na serikali kupokea wanafunzi wa kigeni. Anatakiwa kuchukua angalau krediti 12 kila muhula, na kati ya hizo ni darasa moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, linaloweza kuhesabiwa. Hapa ndipo wengi hujikwaa: krediti 12 kwa mihula minne ni 48, si 60. Anayetaka kuhama baada ya miaka miwili achukue krediti 15 kila muhula au aongeze masomo ya kiangazi. Wakati wa masomo kazi ya ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki. Anapohama, rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, huhamishwa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni baada ya kupata barua ya kukubaliwa, na masomo mapya yaanze katika muhula unaofuata, ndani ya miezi mitano. Kwa upande mwingine, kibali cha kufanya kazi ya mafunzo cha miezi 12 hutolewa kwa kila ngazi ya elimu, kwa hiyo shahada ya miaka miwili inaweza kufungua kibali chake, na shahada ya kwanza kingine.

Ukichagua chuo cha jamii, ujue kwamba kuingia ni rahisi na kutoka kwenda mbele ni kazi. Takwimu za National Student Clearinghouse, shirika linalokusanya kumbukumbu za wanafunzi wa vyuo, zinaonyesha kwamba takriban theluthi moja ya wanaoanzia katika vyuo hivyo huhama, na karibu 16 kati ya kila 100 hupata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita. Siamini kwamba sababu ni ufundishaji. Wengi wao husoma nusu muda huku wakifanya kazi, na wengi huanza bila ramani. Anza hisabati katika muhula wa kwanza, hasa ukiwa unaelekea sayansi au uhandisi, kwa sababu kalkulasi na fizikia hufuatana kozi kwa kozi na muhula uliopotea mwanzoni haurudi. Mfululizo wa kozi ulioanzia katika chuo kimoja umalizie hapo hapo, kwa kuwa vyuo hugawa mada kwa namna tofauti. Tunza silabasi ya kila kozi, kwani ndiyo ushahidi utakaoombwa pakitokea mabishano. Alama nazo zilinde: kwa kawaida wastani wa alama huanza upya baada ya kuhama, lakini wastani wa zamani ndio utakaoamua kama utapokelewa, na kozi yenye alama iliyo chini ya C mara nyingi haipokelewi kabisa.

Hata barua ya kukubaliwa ikishafika, muhula wa mwisho bado unahesabika. Kukubaliwa huko huwa na masharti kwamba utafaulu kozi ulizoandika kwenye maombi. Ukitaka kuacha au kubadilisha mojawapo, iarifu ofisi ya udahili ya chuo kikuu kwa maandishi na usubiri jibu lake kabla ya kujiondoa darasani. Alama zikishatoka, omba chuo chako cha zamani kitume matokeo rasmi ya mwisho, kisha linganisha hati ya tathmini ya krediti utakayopewa na jedwali la makubaliano ulilolifuata. Pakiwa na kozi iliyowekwa katika masomo ya hiari ilhali jedwali linasema vingine, kata rufaa kwa idara husika ukiwa na silabasi mkononi, kabla ya kujiandikisha kwa muhula wa kwanza.