Msuli wa paja ukichanika: namna ya kuusaidia ujijenge upya

Wengi wanaonijia ni wabebaji wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kijana kajitwisha gunia la dagaa, mguu umeteleza, kasikia kitu kimekatika nyuma ya paja. Usiku huohuo kakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu. Nafanya fiziotherapia, na kuchua huko naomba kuachwe kabisa.

Pembeni ya kila uzi wa msuli zimelala seli za akiba, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961. Msuli ukichanika, kichocheo kiitwacho HGF, kilichokuwa kimeshikiliwa kwenye utando wa uzi, huachiliwa na kuziamsha. Kichocheo kingine, FGF, huzifanya zigawanyike. Cha tatu ni IGF-1: hiyo, inayotoka kwenye ini na kwenye msuli wenyewe ukifanya kazi, huziongeza, kisha huzikomaza hadi ziungane kuwa nyuzi. Vizuizi pia vipo: miostatini hupunguza kasi, na TGF-beta ikizidi, kovu gumu hukaa mahali pa nyama.

Siku 3 hadi 5 za kwanza pumzisha mguu, uinue, ufunge bandeji ya kubana. Barafu ya samaki inafaa, ila izungushie kitambaa. Uvimbe usikutishe: seli za kinga zinazofagia nyuzi zilizokufa ndizo baadaye hutoa IGF-1. Ukichua damu iliyovilia ikiwa bado mbichi, mfupa unaweza hata kuota ndani ya nyama.

Baada ya hapo usiendelee kulala tu, maana nyuzi mpya zisipovutwa huota ovyo. Lala chali, kunja goti, kandamiza kisigino sakafuni kwa sekunde 5 hadi 10 bila kusogeza mguu. Maumivu yakipanda, punguza nguvu. Ukizoea, inua makalio kwa miguu yote miwili, kisha kwa mmoja. Mlima wa Bugando subiri kwanza, hadi utembee tambarare bila kuchechemea.

Kula protini kila mlo: dagaa, sato, maharage. Mtu wa kilo 70 anayejenga msuli anahitaji gramu 110 hivi kwa siku.

Usingizi nao ni dawa. Homoni ya ukuaji, inayoliamuru ini litoe IGF-1, humwagika zaidi saa za mwanzo za usingizi mzito. Nyie wavuvi wa dagaa mnaokesha na taa ziwani, mkilala mchana nayo huwafuata, mradi chumba kiwe na giza na msikatizwe.

Sindano za IGF-1 za mitaani usiguse. Hushusha sukari mwilini kwa hatari, na michezoni zimepigwa marufuku.

Ukigusa paja ukakuta shimo, au huwezi kabisa kukanyaga, nenda hospitali siku hiyohiyo. Gunia lirudi begani pale mguu ulioumia utakapoinua makalio mara nyingi sawa na mzima, bila maumivu, na uanze na nusu gunia.