Google isikuletee wageni Facebook

Jana nimejitafuta Google, cha kwanza kutokea ni profaili yangu ya Facebook na picha ya 2013, nimevaa suti ya kuazima. Dawa: ingia Facebook, fungua Mipangilio, tafuta sehemu ya jinsi watu wanavyokupata na kuwasiliana nawe. Kuna swali kama injini za utafutaji za nje (kama Google) ziruhusiwe kuunganisha na profaili yako. Zima. Facebook itaziambia zisikuorodheshe. Ila usitegemee upotee leo leo. Kiungo cha zamani hubaki hadi Google ipite tena kukagua ukurasa wako. Na kuzima huko hakugusi posti ulizoweka hadharani, wala ya shemeji aliyekutagi kwenye ukurasa wa wazi (kila ukoo una wake). Hizo shughulikia moja moja.