Namna ya Kuandaa Siku ya Historia ya Kijiji

Kijiji kinapoamua kuadhimisha historia yake, mara nyingi watu huanza kwa kuulizana mgeni rasmi atakuwa nani. Swali hilo lingefaa kuwa la mwisho. La kwanza ni kujua nini hasa kilitokea hapa, na ni nani bado anakikumbuka au alisimuliwa na aliyekishuhudia. Mwongozo huu unahusu vijiji vya Tanzania, lakini sehemu kubwa yake inaweza kutumika kokote ambako wazee bado wanasikilizwa.

Wazo lipelekwe kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, kwa sababu sherehe iliyopangwa ndani ya ofisi ya mtendaji huishia kuwa ya ofisi. Mkutano uchague kamati ndogo yenye mtu kutoka kila kitongoji, wakiwemo wanawake, vijana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi mwenye mwandiko unaosomeka.

Kazi ya kukusanya masimulizi ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kusini mwa nchi kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa Vita vya Maji Maji, vya kupinga utawala wa Wajerumani, na hadi leo wanahistoria wanategemea yale waliyoyaandika, kwa kuwa mashuhuda wenyewe wameshafariki. Kijiji kisingoje watafiti. Wanakamati wawafuate wazee nyumbani kwao, wazungumze nao kwa lugha ya kwao, na wamhoji kila mmoja peke yake, kwani wazee wakikusanywa pamoja mwenye sauti kubwa huwamezesha wenzake maneno yao. Ni vyema kuuliza habari za mahali kabla ya habari za miaka: kisima hiki kilichimbwa na nani, watu walijificha wapi, mashamba ya pamba yalianzia wapi. Mtu asiyekumbuka mwaka hata mmoja anaweza kuonyesha mti ambao mkutano ulifanyika chini yake. Masimulizi yarekodiwe kwa simu, kwa ridhaa ya msimulizi, kisha yaandikwe pamoja na jina lake na jina la aliyemsimulia. Koo mbili zikitofautiana, kamati isijifanye mahakama. Simulizi zote mbili zisomwe siku ya sherehe, na kila moja itajwe imetoka wapi.

Hapa pana jambo linalohitaji hekima. Historia ya vijiji vyetu ina watumwa na waliowamiliki, ina waliopigana na Wajerumani na waliowatumikia Wajerumani kama askari, na wajukuu wa pande zote huenda wanateka maji kwenye bomba moja. Matukio hayo yasifichwe, kwa maana sherehe inayosimulia ushujaa pekee huwa ni nusu ya historia. Hata hivyo, asili ya mtu au ya familia isitajwe hadharani bila idhini ya familia yenyewe, na jina lolote lenye utata lijadiliwe faraghani na wazee wa pande zote kabla halijafika kwenye kipaza sauti.

Tarehe itokane na tukio lenyewe pale inapowezekana. Nandete, katika Wilaya ya Kilwa, inakumbukwa kwa Julai 1905, wananchi walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima na hivyo kuwasha Vita vya Maji Maji. Songea ina 27 Februari, siku ambayo wapiganaji wa Kingoni walinyongwa mwaka 1906. Kalenga, karibu na Iringa, ina 19 Juni, siku ambayo fuvu la Mtwa (yaani chifu) Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani, lilikabidhiwa kwa Wahehe mwaka 1954 baada ya kurejeshwa kutoka Ujerumani. Kijiji kisicho na siku inayojulikana kichague majira ya baada ya mavuno, ambapo njia zimekauka, chakula kipo na hakuna anayelazimika kuacha palizi.

Kuhusu ratiba, Makunduchi huko Unguja wana la kutufundisha. Katika Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya wa jadi, wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na wenyeji ndio wanaoibeba shughuli yote. Mgeni akija atazame, asipokuja mwaka hauharibiki. Kwa hiyo asubuhi itumike kwa matembezi ya kwenda kwenye maeneo yenyewe, na kila kituo kiwe na mzee anayesimulia na mwanafunzi aliyeandaliwa kumuuliza maswali, kisha mchana ufuate kwa ngoma za hapo kijijini na chakula cha pamoja. Hotuba ziwe mbili, na fupi. Kijiji kikizidisha hotuba kitabaki na watoto waliofuata soda.

Vifaa vya kale kama mikuki, vinu, ngoma na picha vinaweza kuonyeshwa katika darasa moja, kila kimoja kikiwa na kibandiko cha jina la mwenyewe, kikiandikwa daftarini kinapopokewa na kurudishwa jioni hiyo hiyo. Visisuguliwe ili ving'ae. Makaburi na mahali pa matambiko pasifikiwe bila ruhusa ya ukoo unaohusika, na asiwepo mtu wa kuchimba, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali cha uchimbaji. Afisa utamaduni wa wilaya aarifiwe mapema; polisi, maji, vyoo na maturubai vishughulikiwe kama katika mkusanyiko mwingine wowote.

Baada ya sherehe, daftari la masimulizi litolewe nakala tatu: moja ibaki shuleni, moja ofisi ya kijiji, na ya tatu ipelekwe halmashauri ya wilaya, kwa kuwa mchwa hawachagui karatasi. Mapato na matumizi yasomwe katika mkutano mkuu unaofuata, ambapo pia wasimulizi wasomewe yaliyoandikwa kwa majina yao ili wayasahihishe.