Umepewa mradi wa kuimarisha mfumo wa wakimbizi? Semina weka kando kwanza, fuata faili

Haya, kazi umepata. Wewe ndo meneja wa mradi, dona ametia sahihi, idara ya serikali imekupa meza pale kwenye kona karibu na fotokopi, na kwenye makaratasi imeandikwa "kuimarisha mfumo wa kitaifa wa hifadhi kwa wakimbizi", miaka mitatu. Kila mtu anangoja useme wokshopu ya Naivasha ni lini. Usiseme kitu bado. Sina ugomvi na Naivasha, samaki wa kule nimekula wa kutosha, lakini ukianza na semina mradi wako unakuwa wa semina mpaka siku ya mwisho, na yule mama anayelala nje ya geti na watoto watatu akingoja jibu la ombi lake hatajua kama uliwahi kuwepo.

Nitaongelea Kenya manake ndo ninayoijua, kama uko Tanzania au Uganda majina ya kamati yatabadilika ila shida utazikuta ni zile zile.

Kitu cha kwanza kabisa ni kujua hiyo ofisi imepitia nini. Mpaka mwanzo wa miaka ya tisini Kenya ilikuwa inaamua yenyewe nani ni mkimbizi, alafu watu wakaingia kwa wakati mmoja kutoka Somalia, Ethiopia na Sudan, kambi ya Dadaab ikafunguliwa 1991, ya Kakuma 1992, serikali ikazidiwa na kazi yote ya kuhoji na kuamua ikaachiwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Sheria yetu ya kwanza ya wakimbizi ilikuja 2006, yaani miaka 40 nzima tangu tuingie kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa wakimbizi wa 1951. Hapo ndo ikazaliwa idara ya serikali ya mambo ya wakimbizi, DRA, ikaanza kurudishiwa kazi pole pole. Mei 2016 serikali ikaivunja hiyo idara kwenye tangazo lile lile la kufunga Dadaab, ikaweka sekretarieti mahali pake, Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema yote mawili ni kinyume cha katiba. Sheria mpya ikatiwa sahihi Novemba 2021, ikaanza kufanya kazi Februari 2022, na sasa idara inaitwa DRS, idara ya huduma za wakimbizi. Kwa hivyo yule afisa unayemkuta pale, mwenye kikombe chake cha chai na sweta hata kukiwa na jua, ameshaona vibao vitatu vikibandikwa mlangoni na miradi sijui mingapi ikija na kuondoka. Akikutazama kama mgeni aliyekuja kupiga picha usikasirike. Mwulize faili ya mtu anayeomba hifadhi inapitia wapi, yeye ndo anajua.

Sasa kazi yenyewe. Omba ruhusa kwa maandishi kutoka kwa kamishna wa wakimbizi, mkuu wa hiyo idara, kisha chukua faili kama mia hivi bila kuchagua, nyingine za Nairobi, nyingine za Kakuma, nyingine za Dadaab. Hadithi za watu humo ndani usizisome kama huna sababu, we tafuta tarehe tu. Alisajiliwa lini, alihojiwa lini, afisa alimaliza kuandika tathmini lini, mkaguzi aliisoma lini, uamuzi ulitiwa sahihi lini, na mwenyewe aliambiwa lini. Andika kwenye karatasi moja kubwa. Sheria inampa mtu siku 30 kujitokeza na inaitaka ofisi iamue ndani ya siku 90, kwa hivyo kipimo unacho tayari, huhitaji konsaltanti wa kukutungia. Utashangaa pale pengo lilipo. Watu wote watakwambia shida ni maafisa wa mahojiano ni wachache, na ukiangalia tarehe unakuta mtu alihojiwa vizuri tu, tathmini ikaandikwa kwa wiki mbili, alafu faili ikalala miezi minane ikingoja msomaji wa pili au sahihi.

Hesabu yake iko hivi, nimeichora kwenye ubao mara nyingi mpaka naiota. Tuseme una maafisa 20, kila mmoja anahoji watu wanne kwa wiki, hizo ni faili 80. Wakaguzi ni wawili, kila mmoja anaweza kusoma 15 kwa wiki akijitahidi, hizo ni 30. Kila wiki faili 50 zinabaki mezani, kwa wiki 48 za kazi ni 2,400. Sasa anakuja dona na moyo mzuri anakuongezea maafisa 10 wa mahojiano. Zinakuwa 120 kwa wiki, zinazosomwa bado 30, unarundika 90 kila wiki, mwaka unaisha na 4,320. Umetumia pesa na foleni imekuwa ndefu karibu mara mbili! Hizo ajira 10 ukizipeleka kwenye ukaguzi au ukapunguza faili zinazohitaji kusomwa mara mbili, mambo yanasogea mwezi wa kwanza. Hii ndo sababu nasema fuata faili kwanza, manake bajeti nyingi zimeandikwa na mtu ambaye hajui mahali maji yamekwama.

Alafu sio kila faili inahitaji njia ndefu. Watu wa Sudan Kusini wametambuliwa kwa jumla, hawapitii mahojiano marefu ya mmoja mmoja. Wasomali wa kusini na kati walikuwa hivyo pia mpaka Aprili 2016 serikali ilipoondoa huo utambuzi, na hapo maelfu ya watu wakageuka kutoka usajili tu kuwa mahojiano kamili. Tangazo moja kwenye gazeti la serikali linaweza kukuzidishia kazi mara kumi usiku mmoja, kwa hivyo tengeneza njia mbili au tatu tangu mwanzo: fomu fupi kwa kesi ambazo habari za nchi zinaeleweka na zinafanana, mahojiano marefu kwa zile ngumu, na mlango wa haraka kwa watoto waliokuja peke yao, wagonjwa, na wanawake waliodhulumiwa njiani. Karani wa usajili ndo afundishwe kuzitenganisha, sababu yeye ndo anawaona wa kwanza.

Nije kwa wakalimani, na hapa nitakaa kidogo manake ndo mahali miradi mingi inaweka laini moja ya bajeti na kusahau.

Kambini wakalimani wengi ni wakimbizi wenyewe, wanalipwa ile tunaita insentivu, pesa kidogo sana kulinganisha na afisa aliyekaa kiti cha pili. Kwa hiyo pesa anabeba maisha ya mtu mdomoni. Na shida haiko kwa Kinuer au Kitigrinya peke yake, hata Kiswahili kinatuangusha. Niliwahi kusoma faili ya jamaa wa Kongo, mahojiano ya kwanza amesema baba yake aliuawa, ya pili amesema baba yuko hai kule Uvira, afisa akaandika kwamba hasemi ukweli, ombi likakataliwa. Kumbe wa kwanza ni baba mkubwa, kaka ya baba, aliyemlea. Yeyote anayeongea Kiswahili angeuliza "baba yupi?" lakini faili inaandikwa Kiingereza, pale kwenye karatasi imebaki baba tu, na anayesoma ghorofa ya nne hana habari. Ndugu ni hivyo hivyo, mtoto wangu ni hivyo hivyo. Saa nazo! Mtu anasema walikuja saa mbili usiku, mkalimani mwenye usingizi anaandikisha mbili kwa Kiingereza, tayari ni saa nane usiku, mahojiano ya pili mkalimani mwingine anageuza vizuri na sasa mtu anaonekana ametunga. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, na juu yake kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8, kwa hivyo tarehe ya kukamatwa ikitajwa bila kuuliza ni kalenda gani umeshaharibu kesi. Wasomali wengi makaratasi yao yanasema wamezaliwa tarehe moja Januari, wala sio uongo, ni karani alihitaji kujaza kisanduku. Na Kisomali chenyewe kina Kimaay ambacho mtu wa Mogadishu anaweza asikifuate.

Kwa hivyo fanya hivi. Dakika tano za mwanzo afisa aulize maneno ya kawaida tu, umekula, umesafiri na nini, alafu amwulize mtu kama anamwelewa mkalimani, na amwulize huyo mtu tena, mkalimani akiwa ametoka nje. Jamii zenye uhasama usizikalishe meza moja, na kiongozi wa bloki, yaani mtaa wa kambi, asitafsiri kesi za watu wa bloki yake hata akijitolea, hasa akijitolea. Rekodi sauti, si kwa ajili ya kumtega mtu, ni kwa ajili ya rufaa. Tengeneza karatasi moja ya maneno yanayotega, baba, ndugu, saa, kalenda, ibandike kila chumba. Chumba chenyewe nacho kiangalie: Kakuma nimekaa kwenye chumba cha mabati ambacho ukuta wa katikati haufiki juu, dada anaeleza mambo aliyofanyiwa na upande wa pili watu wanasikia kila neno. Kuziba ule ukuta kuligharimu kidogo kuliko usafiri wa mshiriki mmoja wa wokshopu. Naona hasira bado nikikumbuka.

Ubora wa maamuzi upime kwa kusoma, hakuna njia ya mkato. Kila mwezi chukua faili chache, mkae watatu, mmoja wa serikali, mmoja wa UNHCR, mmoja wakili wa msaada wa kisheria, majina yafutwe, mwulizane swali moja: barua hii ya kukataa, mtu akisomewa kwa lugha yake ataelewa kwa nini amekataliwa na afanye nini ndani ya siku 30 za rufaa? Nyingi zitaanguka hapo. Idadi ya waliofundishwa ripoti kama dona anataka, ila ubaoni kwako weka vitu vinne: siku kati ya usajili na jibu, faili zilizolala zaidi ya siku 90, maamuzi mangapi yamegeuzwa kwenye rufaa, na wangapi waliambiwa jibu lao kwa lugha wanayoelewa.

Kompyuta. Mfumo wa data ni mzuri na unahitajika, Uganda 2018 walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na macho, hesabu iliyokuwa milioni 1.4 ikaishia kama milioni 1.1. Lakini kila mlango wa kuingia kwenye mfumo uwe na wa kutokea. Kule Garissa na Wajir kuna Wakenya, tena wengi, waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula, wengine waliandikishwa wakiwa watoto, wakifika miaka 18 kuomba kitambulisho vidole vinasema wewe ni mkimbizi. Watu walikaa miaka na miaka bila ID, hawawezi kusajili laini ya simu, mpaka kesi ikafika mahakamani. Kwa hivyo kabla mfumo haujawashwa, andika nani anaweza kurekebisha kosa, kwa ushahidi gani, kwa siku ngapi. Usiache hiyo iwe "awamu ya pili". Awamu ya pili huwa haina pesa.

Siasa iweke mstari wa kwanza kwenye jedwali la hatari, hao wengine wanaoandika "mvua na barabara" wanajificha. Desemba 2012 ilitoka amri wakimbizi wa mjini wote waende kambini, mahakama ikaizuia 2013. Mwisho wa 2014 sheria ya usalama ikaweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima, mahakama ikafuta 2015. Kisha hiyo ya 2016 nimeshasema. Mradi wa miaka mitatu lazima ukutane na kitu kama hicho. Jilinde kwa kuhakikisha taratibu zimetiwa sahihi na kamishna, zimeingia kwenye miongozo ya idara, nakala ziko Kakuma na Dadaab na sio kwenye laptopu ya mtu mmoja Nairobi. Na kunywa chai na watu wa usalama mapema, manake uchunguzi wao ni hatua ya faili kama zingine na mara nyingi ndo ile ambayo hakuna mtu anaiwekea tarehe.

Mwisho pesa. 2025 Marekani ilipokata misaada tuliona wote, UNHCR ikapunguza wafanyakazi, chakula Kakuma kikapungua mpaka watu wakaandamana. Ofisi ambazo maafisa wake walikuwa wanalipwa na mradi ziliyumba. Kwa hivyo mwaka wa kwanza, sio wa tatu, kaa na mhasibu wa idara mpange ni nafasi ngapi zitaingia kwenye bajeti ya serikali kila mwaka, hata kama ni tano tu, na mishahara ya mradi usiiweke juu sana ya ile ya serikali kwa sababu siku ya kuhamishwa hakuna atakayekubali. Miezi sita ya mwisho tengeneza orodha ya vitu vidogo ambavyo vitakwama ukiondoka: nani ana pasiwadi ya seva, leseni inaisha lini, jenereta inatiwa dizeli na nani, riboni za printa ya vitambulisho zinaagizwa wapi na zimebaki boksi ngapi. Mimi hiyo ya riboni niliisahau. Printa ilikaa wiki kumi na moja imefunikwa kitambaa, na kadi zilizoidhinishwa zipo ndani ya mfumo.