Kadi imekatwa vibaya: utajuaje ni kosa la kiwandani au ni wembe wa mtu

Wadau wa kadi za kukusanya, zile za mchezo na za wanamichezo, wa huku Kusini, msimu wa korosho ukifunguka hela inaingia mtaani na hapo ndo kadi zinaanza kuuzwa kwa bei za ajabu, hasa hizi zenye mkato usio wa kawaida, unakuta kadi ya Pokémon (mchezo wa kadi wa Kijapani) au ya mpira imekatwa pembeni mpaka kipande cha kadi ya jirani kinaonekana, muuzaji anakwambia hii ni eroo, yaani kosa, ya kiwandani ziko chache duniani. Inaweza kuwa kweli kabisa, na zikiwa za kweli zina thamani kwa watu wanaozipenda. Ila wembe ni shilingi chache tu na kila duka unauzwa.

Mimi nilishapigwa. Nilinunua kadi moja ya mpira kwa picha za simu, elfu themanini na tano, mkanda mweupe, ule unaozunguka picha, upande wa kushoto haupo kabisa, nikafurahi. Ilipofika kwa basi hapa Mtwara nikaiweka juu ya kadi nyingine ya seti ileile, ikawa fupi kwa zaidi ya milimita mbili. Yule mtu simu hakupokea tena. Toka siku hiyo kitu cha kwanza kwangu ni rula, macho baadaye.

Sasa shika jambo hili moja kabla ya yote: kosa la kiwandani kwa kawaida haliipunguzi kadi, linaihamisha. Kadi hazichapwi moja moja, zinachapwa kwenye karatasi kubwa, Topps, kampuni ya kadi ya Marekani, miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wanaweka kadi 132 kwenye karatasi moja, halafu karatasi zinapangwa mrundo zinakatwa pamoja. Mrundo ukisogea milimita tano kwenye mashine, kadi inapoteza milimita tano upande mmoja na inapata milimita tano za jirani yake upande wa pili. Saizi inabaki ileile. Kwa hiyo ukiona kadi imepoteza kushoto, ila kulia haijaongezeka kitu, jiulize ile milimita tano imeenda wapi.

Juzi mpwa wangu kaja toka Nachingwea na kadi aliyoikuta mfukoni mwa jaketi la mtumba. "Shikamoo mjomba, naomba niangalizie hii, kuna mtu anataka kunipa laki." Nikamwambia iweke mezani, usiifute na shati, usiikunje kunja. Ilikuwa ya Pokémon, mkanda wa njano wa juu mwembamba kama uzi, chini mnene halafu kwa chini kabisa kuna mstari wa rangi nyingine, yaani mwanzo wa kadi iliyofuata. Tukaipima. Kadi za Pokémon ni milimita 63 kwa 88, kadi nyingi za michezo za Marekani ni 63.5 kwa 88.9. Rula ya shule inatosha kuanzia ila kama kuna fundi mashine jirani muazime vernia, kile kipimo cha kubana cha milimita, mimi naazima kwa fundi wangu pale Chikongola, ukiwa nayo usiibane kadi kwa nguvu maana utaacha alama, igusishe tu. Ya mpwa wangu ilisoma 88 na kidogo. Hatua ya kwanza imepita.

Hatua ya pili wengi hawaijui. Igeuze kama unavyofunua ukurasa wa kitabu. Mbele na nyuma zimekatwa na kisu kimoja, kwa hiyo mbele ikiwa nyembamba kushoto, nyuma inatakiwa iwe nyembamba kulia, na ikiwa nyembamba juu basi nyuma pia ni juu. Inaweza kupishana kidogo kwa sababu uchapaji wa pande mbili haulingani sawasawa kila mara, lakini mbele ikiwa imehama sana na nyuma imekaa katikati kabisa, hapo shaka ni kubwa, inawezekana kadi imechapwa na mtu au imebandikwa sura mpya.

Halafu kona. Kadi za Pokémon na za Magic, mchezo mwingine wa kadi, zina kona za mviringo, zote nne zinafanana. Bebanisha kadi yako na kadi ya kawaida ya seti ileile, kona kwa kona, angalia kwenye mwanga wa dirisha. Mtu anayekata kwa mkono anakosea hapa mara nyingi, kona moja inakuwa pana nyingine imechongoka.

Baada ya hapo ndo kingo, na hapa usiwe na haraka. Tafuta lupu, ile lenzi ndogo wanayotumia masonara na madalali wa vito wa Tunduru, ya kukuza mara kumi inatosha. Kingo zote nne zinatakiwa ziwe zimezeeka pamoja. Kadi yenye kona zimelegea, kingo tatu zina weupe weupe wa kuchakaa, na kingo ya nne inang'aa imenyooka kama jana, hiyo imenyolewa. Wembe pia unaacha wimbi dogo kwa sababu mkono hautulii, wakati kisu cha kiwandani kinashuka mara moja. Ili macho yako yazoee fanya hivi: chukua kadi ya bei rahisi, nyoa upande mmoja kwa wembe na rula, upande mwingine mpelekee kijana wa stesheneri mwenye mashine ya kukatia karatasi aukate, halafu kaa na lupu uangalie pande zote. Nusu saa hiyo itakufundisha kuliko video kumi.

Ila angalieni, kingo mbaya sio lazima ziwe feki. O-Pee-Chee, kampuni ya kadi ya Canada, walikuwa wanakata kwa waya, kingo zao zinatoka na manyoya manyoya, na kadi ya mchezaji wa hoki Wayne Gretzky ya 1979 watu wanaijua hivyo. Kwenye kadi za hao, kingo safi mno ndo ya kuogopa. Lazima ujue kiwanda husika kilikuwa kinakataje.

Kwa uchapaji wenyewe, chini ya lupu picha ya kadi halisi ina vidoti vya rangi vilivyopangika, na maandishi meusi kwa kawaida yamejaa, hayana vidoti. Maandishi yakiwa na vidoti vya rangi mara nyingi ni kopi ya kopi. Kwa kadi zinazodaiwa ni za kabla ya vita kuu ya pili tumia ile taa ya zambarau ya kukagua noti, wenye maduka ya jumla wanazo, karatasi ya zamani hizo haitakiwi kung'aa bluu.

Feki ngumu kuliko zote ni hii: mtu ananunua karatasi kubwa halisi ambayo haijakatwa, maana huwa zinauzwa, halafu anaikata mwenyewe kwa upotovu ili apate "eroo". Wino ni halisi, vidoti halisi, karatasi halisi, na kwa kuwa jirani yupo pale pale anaweza kukata saizi kamili. Hapo lupu ya vidoti haikusaidii kitu, zinabaki kona na kingo tu. Kadi ya Pokémon yenye kona za mraba nne, mimi naichukulia imekatwa na mtu mpaka nithibitishiwe vingine, na bei yangu inakuwa ya mapambo.

Kuhusu gredi, yaani namba ya ubora. PSA, kampuni ya Marekani ya kupima kadi, wanatoa 1 mpaka 10, na kadi yenye mkato wa hovyo wanaweza kuipa namba ikaambatana na herufi MC (mkato mbaya), ikiwa imehama tu bila kuonyesha jirani ni OC (haiko katikati). Iliyonyolewa haipati namba, na yenye saizi pungufu wanairudisha hata kama kosa ni la kiwanda. CGC, kampuni nyingine ya kupima, wao wanaandika kosa lenyewe kwenye lebo, kwa hiyo mwenye eroo ya kweli mi naona aanze huko.

Kuhama unapima mwenyewe. Chukua mkanda wa kushoto na wa kulia, tuseme 3 na 5, jumla 8, tatu gawa kwa nane ni karibu asilimia 38, kwa hiyo kadi yako ni 62 kwa 38. PSA 10 mbele inataka karibu 55 kwa 45, 9 ni 60 kwa 40, 8 ni 65 kwa 35. Hiyo ya mfano haivuki 8 hata kona zikiwa safi vipi.

Na lebo nayo isikufunge macho. Kadi ya kwanza kabisa PSA kuipima, mwaka 1991, ni ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyokuwa inatoka kwenye pakiti za sigara 1909 mpaka 1911, ikapewa 8, ikaja kuuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa kadi aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba aliinyoa kingo. Kama ghalani tu, korosho hatuiamini kwa ganda, tunaipasua tuone.

Ya mpwa wangu ilipita kingo na kona pia. Nikamwambia ile laki asiichukue bado, apige picha mbele, nyuma na kingo zote nne ikiwa juu ya rula, na aitunze kwenye plastiki ngumu pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, maana unyevu wa huku pwani unaikunja kadi ya kung'aa ndani ya wiki mbili. Asiiweke chini ya godoro ili inyooke. Inaacha mkunjo, na mkunjo hautoki.